Kwenda na Kubaki: Habari za Wabatisti Waliotutangulia

Somo: Matendo ya Mitume 21:1-14. Tafadhali soma kwanza katika Biblia yako ndipo uendelee na ukurasa huu.

Wapendwa katika Bwana,

Nawasalimu nyote, ninyi wa Ranch 1 na Ranch 37, na ndugu wa Bweyale ambao jarida hili huwafikia kwa mkono wa mtu, mara nyingi likiwa limeshakunjwa na kulowa. Tunamshukuru Mungu kwa uzima na kwa karatasi za mwezi huu.

Sitazunguka. Wote mliokuwa kwenye mkutano wa washiriki mnakumbuka tulivyotoka pale. Familia tatu zilisimama zikatueleza kwamba zimeamua kurudi Kenya. Walieleza vizuri, kwa machozi. Mgao umepungua tangu tulipogawanywa kwa makundi mwaka 2023, watoto wamekua, na kuna ndugu huko nyumbani aliyewaambia shamba halijachukuliwa. Hawakutuomba nauli, walituomba maombi tu. Ndipo ndugu mmoja akasimama akasema majina yao yafutwe katika kitabu cha kanisa, na wasithubutu kudai mabati waliyochanga. Mama mmoja wa wale wanaoondoka akajibu kwamba afadhali yeye anayekwenda kulima, kuliko wanaokaa kusubiri posho mpaka Yesu arudi. Baada ya hapo hakuna aliyemsikia mwenzake. Nilifunga mkutano kwa maombi, na hata maombi yenyewe yalikuwa mafupi.

Sisi ni Wabatisti. Mchungaji hana neno la mwisho, ana kura moja kama mama anayefagia kanisa. Kwa hiyo sikuandika kuwaamuru. Nimeandika kwa sababu wengi wenu, hasa vijana waliozaliwa hapa, mnadhani ugomvi huu umeanza na sisi. Haukuanza na sisi. Umekuwepo tangu siku ya kwanza ya jina hili tunaloitwa.

Nilipokuwa chuo cha Biblia, mwalimu wa historia ya kanisa alipita juu ya habari hii kwa nusu saa hivi, akaendelea na mambo ya mitaguso. Mimi nilibaki palepale moyoni, maana wakati huo nilikuwa mwanafunzi pekee darasani mwenye kadi ya ukimbizi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1600, sheria ya Uingereza ilimtaka kila mtu asali katika kanisa la mfalme, kwa kitabu cha mfalme. Waliokutana kivyao nyumbani walitozwa faini na kufungwa. Kikundi kimoja kutoka mji wa Gainsborough kikaamua kukimbia. Mchungaji wao alikuwa John Smyth, msomi wa Cambridge aliyekuwa kasisi wa kanisa la mfalme, na pamoja naye alikuwepo Thomas Helwys, mtu mwenye mali na nyumba kubwa. Walivuka bahari wakafika Amsterdam, Uholanzi, mnamo 1608. Wakapata mahali pa kukaa katika jengo lililokuwa la kuoka mikate ya mabaharia, mali ya Mmenoniti mmoja aliyewahurumia. Hapo wageni hawa walisoma Agano Jipya upya, wakaona kwamba anayebatizwa ni yule anayeamini. Mwaka 1609 Smyth akajibatiza mwenyewe kwa sababu hakumwona mtu wa kumbatiza, kisha akambatiza Helwys na wenzao. Walikuwa kama watu 40 tu.

Wanahistoria wengi huliita hilo kanisa la kwanza la Kibatisti duniani. Angalieni vizuri, wapendwa. Halikuanzia London wala Marekani. Lilianza ukimbizini, kwa watu wasiojua lugha ya soko, katika chumba cha kuazima chenye harufu ya mkate. Mtu akikuambia kwamba kanisa la wakimbizi ni kanisa la muda, la turubai, lisilohesabika, mwambie ukoo wetu wote umetoka katika kanisa la namna hiyo.

Lakini sikilizeni sehemu ya pili, ambayo wengi hawaisimulii. Kanisa hilo halikumaliza hata miaka miwili likiwa moja. Smyth alianza kuwa na mashaka juu ya kule kujibatiza. Akaona kwamba Wamenoniti wa Uholanzi, waliokuwa wakibatiza waamini siku nyingi kabla yao, ni kanisa la kweli, na kwamba kikundi chake kingeomba kupokelewa nao. Wengi wakamfuata. Helwys akakataa, na yeye na wachache, watu kama kumi, wakamtenga Smyth na wote waliokuwa upande wake. Fikirini: watu waliohama nchi yao kwa pamoja, waliokula mkate mmoja katika nyumba ya mikate, sasa hawasalimiani.

Kisha Helwys akafika mahali tulipofika sisi mwezi huu. Alianza kuuliza kama ilikuwa halali kukimbia. Akaamini kwamba wachungaji waliokimbia walikuwa wameiacha Uingereza gizani. Mnamo 1612 alikuwa amesharudi na watu wake wachache, wakaanzisha kanisa Spitalfields, nje ya kuta za London, na hilo ndilo kanisa la kwanza la Kibatisti katika ardhi ya Uingereza. Aliandika kitabu akamwambia Mfalme James kwamba mfalme ni mtu wa kufa, siyo Mungu, wala hana mamlaka juu ya roho za raia wake. Akatetea uhuru wa dhamiri hata kwa Waislamu na Wayahudi, jambo ambalo siku zile karibu hakuna aliyelisema. Alifungwa katika gereza la Newgate, na kufikia 1616 alikuwa ameshafariki.

Kwa hiyo nani alikuwa sahihi, aliyebaki au aliyerudi? Nimeulizwa swali hilo na vijana na nawajibu waziwazi. Uhuru wa dini anaotetea Mbatisti popote duniani tunamdai Helwys, aliyerudi akafa. Lakini Helwys alikosea alipofanya safari yake kuwa sheria kwa kila mtu. Bwana wetu mwenyewe alipelekwa Misri akiwa mtoto mchanga (Mathayo 2:13-15), akawaambia wanafunzi wakifukuzwa mji huu wakimbilie mwingine (Mathayo 10:23). Mchungaji mwingine wa Waingereza waliokimbilia Uholanzi, John Robinson, alimjibu Helwys mwaka 1614 kwa hoja za namna hiyo. Baadhi ya watu wa Robinson ndio waliopanda meli ya Mayflower mwaka 1620 kwenda Amerika. Robinson mwenyewe alibaki Leiden na sehemu kubwa ya kundi, akafa hukohuko mwaka 1625. Wengine walikwenda, wengine walibaki, na hakuna mtu mwenye akili leo anayesema kundi mojawapo halikuwa la Kristo.

Na Smyth? Alikufa kwa kifua kikuu Agosti 1612. Kabla ya kufa aliandika kijitabu akijutia maneno makali aliyowaandikia Wakristo wenzake waliotofautiana naye. Watu wake walipokelewa na Wamenoniti mwaka 1615, na yeye hakuwepo kuona. Kijitabu hicho mimi nakipenda kuliko maandiko yake yote ya ubishi, ingawa mwalimu wetu hakukipa hata dakika mbili.

Sitawachosha na miaka iliyofuata. William Carey, fundi viatu, na wenzake walianzisha chama cha misheni mwaka 1792, akaenda India mwaka uliofuata, akangoja miaka saba ndipo akambatiza Mhindu wa kwanza. Wabatisti kutoka Marekani walifika Nigeria mwaka 1850. Kutoka Nigeria, zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 1956, wamisionari wao wakaja Kenya na Tanganyika, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kazi ikaingia Uganda. Ndugu zetu wa Kivu wana historia yao wenyewe, tena ndefu, na nimemwomba mzee wa kwaya ya Wakongo aiandike kwa toleo lijalo. Yeye anasema mkono wake hauandiki haraka. Tutamngoja.

Sasa nataka nikae kidogo Nabuyoga.

Mliovuka mwaka 2008 mnajua, lakini watoto wenu hawajui. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, nchi yetu iliwaka. Tume ya Waki ilihesabu waliokufa 1,133. Tarehe 1 Januari 2008, karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa walichomwa humo ndani, na tangu siku hiyo baadhi yetu hatujalala vizuri ndani ya jengo lenye msalaba. Maelfu walivuka mpaka Busia na Malaba. Mimi nilivuka Busia, nimekaa nyuma ya baiskeli ya boda. Wazee husema jina hilo lilizaliwa palepale mpakani, kwa wale vijana waliokuwa wakibeba watu kutoka mpaka hadi mpaka. Nilikuwa na umri wa miaka 26, na mkononi nilikuwa na mfuko wenye vitabu vya nyimbo za kwaya. Nguo nilizisahau.

Tulilala kwanza kwenye shule, baadaye tukapelekwa kituo cha Mulanda, wilayani Tororo. Mahema, foleni, matope. Ukiinua macho siku ya anga safi uliweza kuliona jiwe la Tororo kwa mbali, nami nililichukia lile jiwe kwa sababu kila asubuhi lilinikumbusha kwamba bado niko hapa. Nikasikia kwamba upande wa Nabuyoga, kulekule Budama Magharibi, kuna kusanyiko dogo la Wabatisti. Jumapili moja tukaondoka vijana watatu kwa miguu.

Kanisa lilikuwa la udongo, limeezekwa kwa mabati yenye kutu, na mabenchi yalikuwa magogo. Walikuwa Jopadhola karibu wote. Walihubiri kwa Kidhopadhola, mmoja akatutafsiria kwa Kiswahili cha mpakani, kile ambacho ngeli zake zinatembea zinavyotaka. Hawakutuuliza kabila. Ninyi mnajua maana ya neno hilo kwa mtu aliyetoka Kenya Januari ile. Mwezi mzima swali la kwanza la kila mtu lilikuwa hilo, na jibu lake lilikuwa uhai wako. Wale watu walituuliza kama tumekula.

Baada ya ibada mzee mmoja akatukaribisha kwake. Alikuwa na kitabu cha kanisa, daftari la shule lililofungwa kwa uzi, lenye majina ya waliobatizwa. Nikaomba kuliona kwa sababu nyumbani mimi nilikuwa katibu wa vijana, na daftari letu liliteketea. Nikaona majina yanakwenda mpaka 1977, halafu kurasa mbili tupu, halafu majina yanaanza tena 1979. Nikamuuliza kama aliruka kurasa kwa bahati mbaya.

Akanieleza. Mwaka 1977 ulianza kwa kuuawa Askofu Mkuu Janani Luwum, tarehe 16 Februari. Septemba mwaka huohuo serikali ya Idi Amin ikapiga marufuku zaidi ya madhehebu 20, na Wabatisti wakiwemo. Walioruhusiwa walikuwa Waislamu, Wakatoliki, Kanisa la Uganda na Waorthodoksi. Milango ya wengine ikafungwa. Kuandika jina la mtu katika daftari kama lile kulikuwa kumtia hatarini, basi wakaacha kuandika. Daftari lilikaa ndani ya ghala la mtama pamoja na kikombe cha meza ya Bwana.

"Hapo ndipo tulipogawanyika, mwanangu," akasema. Wengine walivuka kwenda Kenya. Si mbali, ni usiku mmoja tu. Wengine walibaki, wakawa wanasali kimya kimya nyumbani usiku, na Jumapili wanakwenda kukaa nyuma katika Kanisa la Uganda, ambako waliwapokea bila maneno mengi. Aprili 1979 Amin akaanguka. Waliokimbia wakarudi. Na badala ya furaha, ikawa hesabu. Waliobaki wakawaambia waliorudi, mlitukimbia, mkatuacha na askari. Waliorudi wakajibu, nanyi mliukana ubatizo wenu mkajificha kwa Waanglikana. Meza ya Bwana ikawa mbili, chini ya miembe miwili, na kila mwembe ulisikia nyimbo za mwembe mwingine.

Nilimuuliza ilichukua muda gani. Akasema: "Amin alitufunga miaka miwili. Sisi wenyewe tulijifunga saba."

Waliishia kupatana kwa njia ambayo hakuna mhubiri angeipanga. Alikufa mama mmoja wa wale waliobaki, wakati wa mvua kubwa, na vijana wa upande wake hawakutosha kuchimba. Waliokuwa wamekimbia wakaja na majembe yao bila kuitwa. Udongo ulikuwa mzito. Walichimba kwa zamu tangu asubuhi hadi saa nane. Mzee akasema, ukishapokezana jembe na mtu ndani ya kaburi, ni vigumu sana kuendelea kumnunia. Jumapili iliyofuata kikombe kikawa kimoja. Kuhusu zile kurasa mbili, kila upande ulikuwa ukitaka ziandikwe majina yake: hawa waorodheshe wenye imani waliobaki, wale waorodheshe walioteswa wakakimbia. Kanisa likapiga kura zibaki tupu.

Nilimsikiliza nikitikisa kichwa kwa heshima, lakini nawakiri, sikuelewa. Nilikuwa kijana mwenye hasira, na hadithi za kupatana sikuzitaka. Nilikula ugali wake wa muhogo nikarudi Mulanda.

Baadaye mwaka ule tulipewa uchaguzi. Kibaki na Raila walikuwa wametia sahihi mkataba tarehe 28 Februari, na kulikuwa na sauti kwamba kumetulia. Walio tayari kurudi, warudi. Wasioweza, wahamishiwe Kiryandongo, huku tuliko. Palepale mahemani tulianza kuitana majina. Wanaorudi waliitwa vichaa, wanaokuja huku waliitwa waoga. Ndugu wa tumbo moja walipanda magari mawili tofauti bila kuagana. Niliona kwa macho yangu.

Na wale watu wa Nabuyoga walikuja. Walikuja siku ya gari la kurudi Kenya na walikuja siku ya mabasi yetu, safari zote mbili kwa miguu, na watoto wao, na muhogo mkavu na karanga zilizofungwa kwenye majani ya mgomba. Yule mzee alipiga magoti kando ya barabara, kwenye vumbi, akaomba kwa lugha yake. Siku ya kwanza aliwaombea wale, siku ya pili akatuombea sisi. Sijui kama maombi yalikuwa tofauti.

Sasa rudini kwenye somo letu. Paulo anashuka Tiro, anakaa na wanafunzi siku saba. Mstari wa nne unasema walimwambia kwa uongozi wa Roho asipande kwenda Yerusalemu. Si kwa woga tu, imeandikwa kwa Roho. Paulo hakukubali. Sasa mngetegemea nini? Mngetegemea wakae nyumbani siku ya safari, wamwonyeshe kwamba hawakubaliani naye. Mstari wa tano unasema wote walimsindikiza, pamoja na wake zao na watoto, mpaka nje ya mji, wakapiga magoti ufukoni wakaomba, wakaagana. Walikuwa bado hawakubaliani naye. Hakuna mahali Luka anaposema walibadilisha mawazo. Waliomba kwa magoti wakiwa hawajakubaliana, watoto wakiangalia.

Miaka mingi nimeisoma sura hii nikimtazama Paulo tu. Siku hizi namtazama mwingine, aliye katika mstari wa nane. Paulo anafika Kaisaria anakaa katika nyumba ya Filipo, mmoja wa wale saba. Je, mnakumbuka Filipo alifikaje Kaisaria? Rudi sura ya nane. Stefano alipouawa, mateso makubwa yakalipata kanisa la Yerusalemu, watu wakatawanyika. Filipo ni mmoja wao. Aliondoka Yerusalemu akikimbia, akapitia Samaria, akapitia ile barabara ya Gaza, mwishowe akafika Kaisaria. Hapo alibaki. Sura ya 21 ni miaka kama ishirini baadaye, na bado yuko palepale, ana nyumba, ana binti wanne wanaotabiri. Filipo ni mkimbizi ambaye hakurudi.

Na ni nani aliyemkimbiza? Sura ya nane mstari wa tatu inamtaja kwa jina: Sauli, akiingia nyumba kwa nyumba, akiburuta wanaume na wanawake.

Basi waoneni wale wawili jioni ile Kaisaria. Mwenye nyumba ni mtu aliyepoteza mji wake. Mgeni ni yule aliyemfukuza. Tena huyo mgeni ndiye anayerudi Yerusalemu, mji ambao Filipo hajarudi, na Filipo anamwekea maji, anamtandikia. Luka alikuwepo, anasema "sisi", aliona yote, lakini hatuambii walizungumza nini kuhusu siku zile. Labda walizungumza usiku kucha. Labda hawakuzungumza kabisa, Filipo alileta chakula tu. Mimi napenda kujua na siwezi kujua. Najua tu kwamba aliyebaki alimlaza nyumbani mwake aliyekuwa anakwenda, na kwamba Filipo na wenzake walimsihi kwa machozi asiende, na aliposhikilia, wakanyamaza wakayaacha mapenzi ya Bwana yatendeke (mstari wa 14). Nao wanafunzi wengine wa Kaisaria wakamsindikiza mpaka Yerusalemu kwenyewe (mstari wa 16).

Ndugu uliyesema majina yafutwe, nakupenda, na najua ulipoteza nini nyumbani. Uliposema vile nilisikia hofu zaidi kuliko hasira, maana kila familia inayoondoka inatufanya tulale tukijiuliza kama sisi ndio tumekosea. Nami hulala hivyohivyo. Mama uliyejibu habari ya posho, neno lile liliwaumiza wajane ambao hawana shamba la kurudia wala ndugu wa kuwapigia simu. Wewe unawajua kwa majina. Uliwapikia wakati wa homa.

Kabla sijawaambia ninachopendekeza, inanibidi niseme kosa langu, kwa sababu wengine mnalijua na mnanyamaza kwa heshima.

Mwaka 2014 ndugu mmoja wa kanisa hili aliamua kurudi. Alikuwa mkono wangu wa kuume. Sikumwita tukazungumza. Jumapili ya mwisho kabla ya safari yake nilihubiri juu ya Dema, yule aliyemwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu huu (2 Timotheo 4:10). Ndugu huyo alikuwa amekaa benchi la tatu na mke wake. Sikumtaja. Hakukuwa na haja ya kumtaja. Aliondoka Jumanne bila kuniaga. Baadaye mke wake alinitumia ujumbe kwamba kanisa la Kibatisti walilokwenda lingependa kuwapokea, lakini linaomba barua kutoka kwetu, kama ilivyo desturi, kuthibitisha ubatizo wao. Mimi niliwabatiza wote wawili, kwa mikono yangu. Nilikaa na ujumbe ule miezi minane. Miezi minane watu wa Mungu walikaa katika kanisa kama wageni, hawashiriki meza, kwa sababu mchungaji wao alikuwa amenuna. Nilipoandika hatimaye, niliandika mistari minne mikavu. Nimemwomba msamaha kwa simu, amenisamehe, hata alicheka. Lakini ile miezi minane siwezi kumrudishia.

Niliyakumbuka maneno ya mzee wa Nabuyoga siku hiyo niliyoomba msamaha, siyo kabla.

Kwa hiyo haya ndiyo nitakayoyaleta mbele ya mkutano, nanyi mtapiga kura kama mnavyoongozwa. Kwanza, kila familia inayoondoka ipewe barua ya kanisa kabla ya kusafiri, yenye majina ya wazazi na ya watoto waliobatizwa, na sahihi ya mchungaji, ya katibu na ya mashemasi wawili. Nimeshaziandika tatu kwa mkono, na safari hii zinazidi mistari minne. Majina yao katika kitabu chetu hayatafutwa. Pembeni tutaandika tarehe na mahali wanapokwenda, basi. Akirudi mtu, maana wengine hurudi na si aibu, ataandikwa tarehe nyingine.

Kuhusu mabati. Yalitolewa kwa Bwana nayo yako juu ya vichwa vya watoto wa Shule ya Jumapili. Hakuna atakayepanda kuyang'oa, na familia hizo hazijadai hata bati moja. Aliyeleta habari hiyo aliisikia kwa mtu. Lakini napendekeza sadaka ya Jumapili ijayo yote iwe nauli yao. Najua ni ndogo. Wenye mahindi walete mahindi, watakaanga wale njiani.

Kuna ndugu wataniuliza: mchungaji, wewe unarudi lini? Sirudi kwa sasa. Mke wangu hataki, nami nina hofu, na watoto wangu wanaijua Kenya kwa picha ya simu tu. Hiyo ndiyo kweli yangu na siifanyi kuwa fundisho la kanisa.

Mkutano utakuwa Jumapili ya pili, baada tu ya ibada. Watoto wabaki ndani wasikie.

Familia zitaondoka Bweyale kwa basi la asubuhi Jumatano inayofuata. Tutakutana kituoni saa kumi na moja alfajiri, wote, waliopiga kura ya ndiyo na waliopiga ya hapana. Kina mama wa kwaya mje na kanga za kutandika, maana pale chini kuna kokoto na wazee wetu magoti yanauma. Ndugu mwenye taa ya sola, tafadhali uje nayo, giza litakuwa halijaondoka.

Mchungaji wenu katika Kristo